Shamsia na Milango ya Hekalu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya darasa la Kiswahili, Shamsia alifuatana na mama yake kwenda soko la vitambaa la Zhongda. Mama yake, Bi Kazija, alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja. Alinunua vitambaa vya madera na mitandio, akavisafirisha nyumbani kwa kontena. Kichina chake kilitosha kupatana bei tu, lakini Shamsia alikizungumza kama maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Miaka mitatu alisoma katika shule ya Wachina huko Yiwu, mji wa mbali upande wa kaskazini, kabla ya yeye na mama yake kuhamia Guangzhou katikati ya mwaka uliopita.

"Laoban," alimwita mwenye duka asubuhi hiyo, kama wanavyoitwa mabosi wote sokoni, "rangi hii haichujuki ikifuliwa?"

Mwenye duka alicheka. Alichovya kona ya kitambaa katika chai yake, kisha akaisugua kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Haichujuki, Mama," Shamsia akasema.

"Alhamdulillahi. Bila wewe ningekuwa nanunua vitu gizani," alisema Bi Kazija. "Haya, nenda usichelewe. Leo si ndiyo mnakwenda kwenye hekalu la michoro?"

"Ndiyo, Mama. Na mkalimani ni mimi!"

"Nyumba ya ibada ya watu huingiwa kwa adabu, hata kama ibada yenyewe si yako. Katazame, ujifunze. Na usijitie kimbelembele."

"Mama, hakuna neno la Kichina litakalonishinda," Shamsia alijibu, akakimbilia kituo cha treni.

Darasa la Kiswahili lilikuwa la watoto kumi na wawili, wote wa wafanyabiashara kutoka Tanzania na Kenya. Mwalimu wao, Bi Clementina, alikuwa Mkenya kutoka Kitui, mwanamke mrefu aliyependa kuvaa viatu vya raba hata akiwa na gauni la heshima. Wanafunzi wengi walisoma katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo Kichina chao kilikuwa cha kununulia soda na maandazi. Mwalimu mwenyewe alijua kusalimu na kushukuru tu. Ndiyo maana alimtegemea Shamsia.

"Leo masikio yetu ni wewe," Mwalimu alimwambia ndani ya treni.

"Masikio na mdomo," alidakia Yasir, mvulana mwenye utani mwingi. "Tuone kama kasuku wetu atayaweza maneno ya wazee wa hekaluni."

"Kasuku hukariri. Mimi naelewa," Shamsia alisema, na wenzake wakacheka.

Ulikuwa mwezi wa Machi. Mvua haikuwa imenyesha, lakini njia zilikuwa zimelowa, na vioo vya maduka vilitiririka maji. Hewa ilikuwa ya joto na nzito. Walipofika kwenye Hekalu la Wingu Tulivu, mlinzi wa milango, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Ho, aliwapokea kwa tabasamu. Alivaa koti la buluu, na mkufu wa funguo ulining'inia kiunoni mwake. Aliwaonyesha kwa mguu wake jinsi ya kuvuka kizingiti kirefu cha mbao bila kukikanyaga. Watoto walivuka mmoja mmoja, wakiinua magoti kama korongo.

Ukumbi wa michoro ulikuwa na milango mitatu mikubwa, na yote ilikuwa imefungwa. Bwana Ho alifungua mmoja, akawaingiza, akaufunga tena haraka. Ndani taa zilikuwa hafifu, na mashine mbili zilinguruma pembeni. Wanafunzi walipoinua macho, hata Yasir aliacha utani.

Ukuta mzima ulikuwa umechorwa watu. Walikuwako watawa wenye kanzu za rangi ya zafarani, wanawake waliobeba maua ya yungiyungi, na tembo mweupe mwenye macho ya upole. Chini yao palikuwa na msafara wa wafanyabiashara wa nchi za mbali, kila mmoja ameshika zawadi. Mugo, mvulana mdogo kuliko wote, alishika mkono wa Mwalimu.

"Mwalimu, tazama yule! Si ni wa kwetu?"

Alikuwa mtu mweusi mwenye nywele za kipilipili. Alivaa bangili ya dhahabu, na mikononi alibeba tawi la marijani jekundu. Alikuwa akitazama mbele kwa fahari, kama mtu anayejua thamani ya alichobeba.

Mwanamke wa makamo mwenye miwani alishuka kutoka kwenye jukwaa la mbao. Huyo alikuwa Fundi Leung, aliyefanya kazi ya kutengeneza michoro hiyo kwa miaka mingi. Alianza kueleza, na Shamsia akasimama kando yake kifua mbele.

"Anasema michoro hii ina zaidi ya miaka mia tatu," alitafsiri. "Kijani hiki ni jiwe lililosagwa. Nyekundu nayo pia ni jiwe. Huyu mtu mwenye marijani, hakuna ajuaye alitoka nchi gani."

Hapo alikuwa sahihi kabisa. Lakini Fundi Leung alikuwa mzaliwa wa Guangzhou. Lafudhi yake ilikuwa nzito, na kila mara maneno ya Kikantoni, lugha ya watu wa huko, yalijipenyeza katikati ya Kichina alichofundishwa Shamsia. Alipoeleza rangi zilichanganywa na kitu gani ili zishike ukutani, Shamsia hakulielewa neno lile. Aliomba lirudiwe. Fundi akalirudia, na bado hakulielewa. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wakimtazama, kalamu juu ya madaftari. Yasir alikuwa ameanza kutabasamu.

"Rangi zilichanganywa na asali," Shamsia akasema.

"Asali!" watoto wakanong'ona kwa mshangao, wakaandika. Mwalimu naye akaandika.

Shamsia alihisi kitu kikimchoma moyoni, lakini kilipita upesi. Ni neno moja tu, alijiambia. Litamdhuru nani?

Ilipokaribia saa sita, kengele ya chakula ililia. Fundi Leung alivua glavu. Wanafunzi walikuwa wamepewa ruhusa ya kubaki ukumbini kuchora katika madaftari yao, bila kugusa kitu. Kabla ya kutoka, Fundi alionyesha milango, akaonyesha ukuta, kisha akasema maneno mengi kwa haraka. Shamsia alisikia "mlango", akasikia "upepo wa kusini", akasikia "ukuta" na "maji". Yaliyobaki yalimpita. Fundi alimtazama kuona kama ameelewa. Shamsia alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali, na Fundi akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma.

"Amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

Shamsia alifikiri haraka. Kule Unguja, nyumba ikiwa na unyevu, bibi yake hufungua madirisha yote upepo uingie ukaushe. Bila shaka ndivyo hivyo hivyo.

"Amesema tufungue milango ili upepo wa kusini uingie ukaushe ukuta."

Mwalimu alikunja uso kidogo. "Una hakika? Mbona walikuwa wameifunga?"

Hapo ndipo angeweza kusema, "Sina hakika, Mwalimu." Maneno matatu tu. Lakini yalikuwa mazito ulimini mwake kuliko Kichina chote alichowahi kujifunza.

"Nina hakika," akasema.

Watoto walifurahi, kwa maana joto la ukumbini lilikuwa limewachosha. Yasir na wavulana wengine wawili waliinua komeo zito la mlango wa kati, kisha ya milango mingine miwili. Hewa ya nje iliingia, nzito na yenye harufu ya ubani na udongo uliolowa. Wanafunzi waliketi sakafuni wakachora. Mugo alimchora mtu wa marijani mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kichwa kilikuwa kikubwa mno.

Baada ya nusu saa hivi, Mugo aliinua uso. "Ukuta unatoka jasho," alisema.

Ni kweli. Ukuta ulikuwa wa baridi, na hewa ile ya joto ilipougusa iligeuka maji. Matone madogo yalikuwa yametanda kwenye kanzu za watawa na juu ya masikio ya tembo. Tone moja liliteremka polepole shavuni mwa mtu wa marijani.

Kabla Shamsia hajanyanyuka, Fundi Leung alitokea mlangoni. Alisimama ghafla, kisha akapiga kelele ya kumwita Bwana Ho. Mzee alikuja mbio, bakuli la wali bado mkononi. Wawili hao walisukuma milango yote wakaifunga, na Fundi akaongeza nguvu ya zile mashine za kukausha hewa. Halafu alimgeukia mzee. Sasa alizungumza kwa hasira lakini taratibu, kila neno peke yake. Safari hii Shamsia alimwelewa bila shida.

"Wageni niliwaambia wasifungue. Na makomeo haya watoto hawayawezi. Ni wewe, Bwana Ho. Katika majira ya baridi ulisahau dirisha. Leo umesahau milango mitatu, wiki ambayo kuta zote za mji huu zinatoka jasho!"

Bwana Ho alitazama milango, akatazama mikono yake mwenyewe. "Nilidhani niliifunga," alisema kwa sauti ndogo. "Labda kichwa changu kimezeeka kweli."

"Shamsia, kuna nini?" Mwalimu aliuliza kwa wasiwasi. "Wanasema nini?"

Katika ukumbi mzima, hapakuwa na mtu mwingine aliyewaelewa wote. Mwalimu hakuelewa Kichina. Fundi na Bwana Ho hawakuelewa Kiswahili. Akisema lolote lile, ndilo litakaloaminiwa.

"Wana... wanazungumzia unyevu tu, Mwalimu."

Mwalimu alishusha pumzi. Lakini Shamsia hakuweza kuondoa macho kwa yule mzee. Bwana Ho aliweka bakuli lake chini. Alifungua mkufu wa funguo kiunoni, vidole vikihangaika na ndoano yake, akauweka juu ya meza ya Fundi. Kisha akageuka kuelekea mlango mdogo wa nyuma, akitembea kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Shamsia alimkimbilia, akamshika mkono wa koti.

"Si yeye!" alisema kwa Kichina, na sauti yake ikajaa ukumbini. "Fundi, si yeye. Tuliifungua sisi, na sababu ni mimi. Uliposema habari ya milango sikukuelewa. Nilibahatisha. Niliwaambia wenzangu umesema tufungue."

Fundi Leung alivua miwani yake, akamtazama. Shamsia alimgeukia Mwalimu, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mwalimu, nimekudanganya. Fundi alisema tusifungue. Sikuelewa, nikaona aibu kusema. Na hivi sasa walikuwa wakimlaumu Bwana Ho kwa kosa langu. Hata asali, Mwalimu... hata ile asali niliitunga."

Yasir aliinamisha kichwa. Mwalimu Clementina hakumkaripia. Alimwendea Bwana Ho, akamwinamia kwa heshima, kisha akasema, "Shamsia, tafsiri. Mwambie hivi: mimi ndiye mkubwa wa watoto hawa. Nilikuwa na shaka, na sikuitafuta njia ya kuhakikisha. Ninaomba radhi."

Shamsia alitafsiri, neno kwa neno. Bwana Ho aliwatazama wote wawili. Polepole mabega yake yalinyooka. "Kwa hiyo niliifunga," alisema. "Niliifunga kweli!" Na uso wake ulikunjuka, kana kwamba amerudishiwa kitu kikubwa kuliko funguo.

Fundi Leung aliuchukua mkufu wa funguo, akampa mzee kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Kisha akapiga makofi.

"Kulia baadaye," alisema. "Sasa kazi. Nahitaji mikono."

Alitoa rundo la karatasi nyeupe, nyepesi kama utando. Yeye na Bwana Ho walipanda jukwaani. Wanafunzi walijipanga mstari mmoja, wakawa wakipitisha karatasi kavu kwenda juu na kupokea zilizolowa. Ukuta haukupanguswa. Karatasi iliegeshwa tu kwenye tone, ikanywa maji, ikaondolewa. Safari hii Fundi alipotoa maagizo, Shamsia alisikiliza kwa makini, na asipoelewa alisema.

"Subirini. Neno hili silijui. Nitamuuliza."

Aliuliza mara nne. Mara ya nne Fundi alilazimika kuonyesha kwa vidole, na Yasir hakucheka.

Walipokuwa karibu kumaliza, Mugo alilala kifudifudi akachungulia chini ya jukwaa. "Kuna kitu hapa. Kinang'aa."

Kilikuwa kipande chembamba cha rangi ya dhahabu, kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kimebanduka kwenye bangili ya mtu wa marijani. Fundi Leung alikiokota kwa ncha ya brashi iliyolowa, akakiweka kwenye kioo, akakitazama kwa muda mrefu.

"Ni kizima," akasema hatimaye. "Kimepatikana, basi kinarudi." Alichukua gundi kidogo kutoka kwenye chungu kilichokuwa juu ya jiko la umeme. Hapo ndipo Shamsia alipouliza neno lile la asubuhi, na Bwana Ho akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akalia kama ng'ombe. Watoto wakaangua kicheko. Ilikuwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Madaftari yote kumi na mawili yalifunguliwa, na "asali" ikafutwa.

Kipande cha dhahabu kilirudi mahali pake. Fundi aliwaonyesha kitu kingine: sehemu moja ya msafara ambapo palikuwa peupe, lipu tupu isiyo na rangi.

"Hapa palikuwa na uso," alisema, na Shamsia akatafsiri taratibu. "Ulipotea kabla sijazaliwa. Ninajua kuchora uso mzuri. Lakini sijui uso ule ulikuwaje, kwa hiyo ninapaacha wazi. Nikijaza kwa kubahatisha, wanaokuja baada yangu wataamini uongo wangu."

Jioni hiyo Shamsia alimweleza mama yake kila kitu, hata yale ambayo Mwalimu asingemwambia. Bi Kazija alisikiliza bila kumkatiza. Kesho yake aliahirisha safari ya kwenda kutazama mzigo wake. Alinunua kikapu cha machungwa, akamchukua binti yake hadi hekaluni.

Walimkuta Bwana Ho akifagia ua. Bi Kazija aliinama akampa kikapu. "Mwambie kwamba kwetu, mtoto akimkosea mtu mzima, mzazi huenda naye kuomba radhi."

Shamsia alitafsiri. Bwana Ho alijibu kwa maneno mengi, nusu yake Kikantoni.

"Anasema kosa lilikwisha jana," Shamsia alisema. "Anasema pia kuhusu machungwa, lakini hapo sikumpata vizuri. Ngoja nimuulize."

Aliuliza. Bwana Ho alirudia polepole. "Anasema machungwa ni mengi kwa mzee mmoja, kwa hiyo tuketi tule naye."

Waliketi wote watatu kwenye benchi la mawe, wakamenya machungwa. Bwana Ho alipokwenda kumfungulia mgeni lango, Bi Kazija alimgeukia binti yake.

"Shamsia, maneno ya mtu ni amana. Akikupa umfikishie mwingine, unayafikisha kama yalivyo. Likikupotea moja njiani, unasema limepotea. Huchukui lako ukaliweka mahali pake. Jana uliogopa aibu ya dakika moja, na mzee wa watu nusura aondoke na aibu ya maisha."

"Nimeelewa, Mama."

"Na jambo jingine. Wewe peke yako ndiye uliyejua ukweli, na hakuna ambaye angekugundua. Ukausema. Hilo nalo nimeliona." Bi Kazija alimpa kipande cha chungwa kilichobaki. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mkalimani mzuri hajui maneno yote. Anajua tu ni lipi asilolijua, na haoni haya kulisema."